Funguo za malipo ya duka lako: nani mwingine anaweza kuzisoma kwenye seva?

Fundi wa tovuti akimaliza kuunganisha duka lako la mtandaoni na malipo ya simu, kawaida hufanya jaribio la shilingi moja. Simu yako inaita, unaweka PIN, ujumbe unaingia, mnasalimiana na unamlipa salio la kazi yake. Poa. Lakini kabla hajaenda, kuna swali ambalo wafanyabiashara wengi hawajui kwamba wanaweza kuliuliza: zile funguo za malipo umeziweka kwenye faili gani, na ni nani mwingine anaweza kuifungua?

Funguo tunazosema hapa ni ile mistari mirefu ya herufi na namba ambayo hupewa mfanyabiashara akitaka tovuti yake iongee na mfumo wa malipo. Hazina sura ya kitu cha maana. Lakini ndizo zinazouambia mfumo kwamba ombi hili la pesa limetoka kwako na si kwa mtu mwingine. Ziko kwenye faili, faili iko kwenye folda, folda iko kwenye diski ya seva. Kila hatua hapo ina mlango, na kila mlango una kitasa ambacho mtu fulani alikifunga au alikiacha wazi.

Watu wakisikia "tovuti imedukuliwa" wanapiga picha ya kijana mwenye kofia gizani akivunja nywila. Uhalisia huwa wa kuchosha zaidi. Faili ilikuwa inasomeka na kila mtu, mtu akaisoma. Basi.

Makala haya ni ya mwenye duka kwanza, halafu ya fundi wake. Kuna amri kadhaa ndani. Kama huwezi kuziandika mwenyewe, mtumie fundi kiungo na umwambie akuonyeshe majibu.

Kitu gani hasa kinaweza kupotea

Funguo zenyewe ndizo za kwanza. Mwenye funguo zako anaweza kutuma maombi kwa jina la biashara yako. Mteja wako anaona jina la duka analolijua kwenye simu, anaweka PIN bila wasiwasi, halafu analalamika kwako. Na kama biashara yako ina ruhusa ya kutuma pesa kwenda kwa wateja, kwa mfano kurudisha malipo au kulipa mawakala, basi mambo si malalamiko tena.

La pili ni rekodi za wateja. Mfumo wa malipo ukimaliza kazi, hutuma jibu kwenye tovuti yako: kiasi, namba ya muamala, saa, na mara nyingi namba ya simu ya mteja. Mafunzo mengi ya mtandaoni humfundisha developa kuandika hayo majibu kwenye faili ya maandishi, iliyo ndani ya folda ileile ya tovuti, ili aone kama mambo yanaenda sawa. Kwa majaribio ni sawa. Shida ni kwamba majaribio yakiisha faili hubaki palepale, inaongezeka kila siku, na yeyote anayejua jina lake anaifungua kwenye brauza kama ukurasa wa kawaida. Jina lenyewe halihitaji kukisiwa sana, kwa sababu limenakiliwa kutoka kwenye funzo lilelile ambalo kila mtu alisoma.

La tatu ndilo linalofaa kukunyima usingizi, na halizungumzwi vya kutosha. Tovuti nyingine huamua kama mteja amelipa kwa kusoma hiyo faili. Namba ya muamala iko? Order inatoka. Sasa, kama faili hiyo inaweza kuandikwa na mtu yeyote kwenye seva, mtu hahitaji kuiba pesa yako hata kidogo. Anaongeza mstari mmoja unaofanana na malipo ya shilingi 18,500, mfumo wako unaamini, mtu wa boda anapeleka mzigo. Mali imetoka na pesa haijaingia, na ukiangalia rekodi zako zinakwambia kila kitu kiko sawa. Utagundua siku ya kulinganisha na taarifa ya akaunti, kama huwa unalinganisha.

Kwa hivyo tunaongea kuhusu vitu viwili tofauti: nani anaweza kusoma, na nani anaweza kuandika. Watu hukazania kusoma na kusahau kuandika.

Ruhusa za faili, kwa lugha ya ploti

Seva nyingi za tovuti zinatumia Linux. Linux imerithi utaratibu wa ruhusa kutoka Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, Marekani, wakati kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi kwa zamu. Kwa hivyo swali la "hii ni ya nani" liliwekwa kwenye msingi tangu mwanzo.

Fikiria ploti ya vyumba vya kupanga. Kila faili ina makundi matatu ya watu. Kuna mwenye chumba. Kuna kikundi, tuseme wale mnaoshiriki naye mita ya stima. Na kuna wengine wote, kuanzia jirani wa juu mpaka mtu aliyeingia kuuza mayai. Kwa kila kundi, faili inasema mambo matatu: unaweza kusoma, unaweza kuandika, unaweza kuitekeleza kama programu.

Kila ruhusa ina namba: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Unazijumlisha. Ndio maana utaona namba za tarakimu tatu kama 644. Ya kwanza ni ya mwenye faili: 4 na 2, yaani anasoma na kuandika. Ya pili ni ya kikundi, ya tatu ni ya wengine, na wote wawili wana 4 tu, wanasoma. Faili ya 600 inasomwa na kuandikwa na mwenyewe pekee, wengine hawana lao. Faili ya 640 inaongeza kikundi kwenye kusoma lakini wauza mayai wanabaki nje.

Halafu kuna 777. Hii ni kumpa kila mtu kila kitu: asome, aandike, atekeleze. Utaikuta kwenye seva kwa sababu moja kubwa. Picha zilikataa kupakiwa, fundi akatafuta jibu mtandaoni, mtu akasema "weka 777", ikafanya kazi, mambo yakaisha. Ni kama mlango umekwama kidogo na badala ya kupaka mafuta bawaba unautoa mlango wote. Ukiona 777 popote kwenye tovuti inayopokea pesa, usikubali maelezo. Karibu kila mara shida ya kweli ilikuwa umiliki: folda ni ya mtumiaji mmoja na programu ya tovuti inaendeshwa na mtumiaji mwingine. Dawa yake ni kubadilisha mwenye folda kwa amri ya chown, kwenye folda hiyo moja tu.

Kwa folda, maana ya ruhusa inageuka kidogo na hapa hata mafundi huchanganyikiwa. Kusoma folda ni kuona orodha ya majina yaliyomo. "Kutekeleza" folda ni kuweza kupita ndani yake. Na kuandika kwenye folda ni kuweza kuongeza, kubadilisha jina au kufuta kilichomo, hata kama faili yenyewe umeilinda. Soma hiyo tena. Unaweza kuiweka faili yako ya funguo kwenye 600, lakini kama folda yake iko wazi kwa kuandikwa, mtu hawezi kuisoma ila anaweza kuifuta na kuweka nyingine yenye jina hilohilo. Funguo zitakuwa zake na malipo yataelekea anakotaka yeye. Linda faili, linda na folda.

Tofauti pekee ni folda za pamoja kama /tmp, ambazo kila programu inahitaji kuandika. Hizo huwekwa 1777. Ile 1 ya mbele inasema: andika upendavyo, lakini kufuta au kubadilisha jina ni cha kwako tu.

Namba za kuanzia

Kwa tovuti ya kawaida, folda 755 na faili 644. Faili yenye funguo iwe kali zaidi: 600 kama programu ya tovuti inaendeshwa na mtumiaji aliye mwenye faili, au 640 kama inaisoma kupitia kikundi. Kama duka lako ni la WordPress, faili ya wp-config.php ndiyo yenye nywila ya hifadhidata, na maelekezo ya WordPress wenyewe yanataka iwe 440 au 400, yaani isiandikwe hata na mwenyewe mpaka aifungue kwa makusudi.

Fundi akiwa ndani ya seva, amri hizi mbili zinaonyesha ukweli bila kubadilisha chochote:

ls -la /var/www/duka
find /var/www/duka -perm -o+w ! -type l

Ya kwanza inaorodhesha faili na ruhusa zake, pamoja na zile zilizofichwa ambazo majina yake huanza na nukta. Ya pili inatafuta chochote ambacho "wengine wote" wanaweza kuandika. Kwenye duka lililopangwa vizuri, jibu la ya pili ni kimya. Badilisha hiyo /var/www/duka kulingana na mahali tovuti yako ilipo.

Kama hosti yako ni ya kushirikiana, ile ya kulipia kwa mwaka yenye cPanel, hauhitaji amri. Fungua sehemu ya kusimamia faili, utaona safu ya mwisho imeandikwa 0644, 0755 na kadhalika. Ile sifuri ya mbele isikusumbue. Bonyeza namba uirekebishe hapohapo.

Kuna mfano mzuri wa programu inayochukulia hizi namba kwa uzito. Fundi anayeingia kwenye seva kwa ufunguo wa SSH akiuacha ufunguo wake wa siri kwenye 644, programu ya ssh inakataa kabisa kuutumia na kumpigia kelele kwa herufi kubwa kwamba ufunguo haujalindwa. Ufunguo ni sahihi, seva ni sahihi, lakini haimruhusu. Laiti programu za maduka zingekuwa na ukali huo.

Ruhusa nzuri, mahali pabaya

Sasa hapa ndipo watu wengi huanguka. Unaweka faili ya .env ndani ya public_html, unaipa ruhusa nzuri, unalala. Kumbe programu inayohudumia tovuti ina haki ya kusoma kila kitu ndani ya folda hiyo, maana hiyo ndiyo kazi yake, na mtu yeyote duniani akiiomba faili hiyo kwa jina inampa. Wakati mwingine 600 itamzuia, wakati mwingine haitamzuia, inategemea hosti imepangwaje. Usibahatishe. Faili ya funguo ikae nje ya folda ya tovuti, ngazi moja juu, ambapo programu yako inaifikia lakini anwani ya mtandao haifiki. Faili ya majibu ya malipo vilevile, na bora zaidi majibu yaende kwenye hifadhidata.

Jaribu saa hii. Fungua brauza, andika anwani ya duka lako, kisha mwishoni ongeza /.env. Rudia na /.git/config. Rudia na jina la faili ya majibu kama unalijua. Ukipata ukurasa wa "haipatikani" au "hairuhusiwi", sawa. Ukiona maandishi yako yenyewe, acha kusoma hapa, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

Angalia pia bakapu. Faili inayoishia na .php ikiombwa na mgeni, seva huiendesha na kumpa matokeo tu, msimbo hauonekani. Lakini fundi akitaka kuwa mwangalifu anainakili kwanza, anaiita config.php.bak. Seva haiijui hiyo .bak, kwa hivyo inaihudumia kama maandishi matupu, nywila na kila kitu. Vivyo hivyo kwa duka-la-zamani.zip lililoachwa hapo tangu tovuti ihamishwe. Uangalifu umezaa shimo.

Sheria za diski nzima

Ruhusa za faili ni za chumba kimojakimoja. Zina udhaifu: mtu anaweza kuzibadilisha. Akipata nafasi ya kupakia faili kwenye folda yako ya picha, ile faili ni ya yule mtumiaji wa tovuti, na mtumiaji huyo anaweza kuipa ruhusa ya kutekelezwa bila kumuuliza mtu. Hapo ndipo sheria ya getini inasaidia.

Linux haisomi diski mpaka ipachikwe, yaani iunganishwe na folda fulani kwenye mfumo. Kazi hiyo hufanywa na amri ya mount, na mpangilio wake wa kudumu uko kwenye faili ya /etc/fstab. Wakati wa kupachika unaweza kuweka masharti ambayo yatatawala kila kitu ndani ya hiyo diski, haijalishi faili moja moja zinasema nini. Masharti matatu ndiyo ya kujua.

noexec inasema hakuna programu itakayoendeshwa moja kwa moja kutoka hapa. Faili inaweza kuwa na 777, haitaenda.

nosuid inahitaji maelezo. Kuna ruhusa ya ziada inayofanya programu iendeshwe kwa nguvu za mwenye faili badala ya nguvu za aliyeiita. Mfano wa kawaida ni passwd: wewe mtumiaji mdogo huruhusiwi kugusa faili ya nywila za seva, lakini programu ya passwd ni ya root na ina ruhusa hii, kwa hivyo unaweza kubadilisha nywila yako kupitia kwake. Ni wazo zuri, Dennis Ritchie alipewa hataza yake mwaka 1979. Ni wazo la hatari pia. Programu moja mbaya ya aina hiyo inamgeuza mgeni kuwa mwenye nyumba. Ukipachika kwa nosuid, ruhusa hiyo haifanyi kazi hapo. Folda ya picha za viatu haina sababu yoyote ya kuwa nayo.

nodev inakataa faili maalum zinazosimama badala ya vifaa kama diski yenyewe. Haitumiki sana kila siku, ila haigharimu kitu, iweke.

Kwenye /etc/fstab utaona mara nyingi neno defaults. Linasikika salama. Maana yake halisi, pamoja na mengine, ni kwamba programu ziruhusiwe, suid iruhusiwe, na faili za vifaa ziruhusiwe. Kwa diski ya picha za wateja, mstari mzuri zaidi ni kama huu:

/dev/vdb1 /var/www/duka/uploads ext4 defaults,nodev,nosuid,noexec 0 2

Hiyo /dev/vdb1 ni mfano. Wengi hupendelea kutumia UUID ya diski kwa sababu majina hubadilika. Kama seva yako ina diski moja tu, na nyingi za bei nafuu ziko hivyo, folda inaweza kupachikwa juu yake yenyewe ili ipate masharti yake:

/var/www/duka/uploads /var/www/duka/uploads none bind,nodev,nosuid,noexec 0 0

Na kwa /tmp, ambayo ni kituo kinachopendwa na programu hasidi kwa sababu kila mtu anaweza kuandika hapo:

tmpfs /tmp tmpfs size=512M,mode=1777,nodev,nosuid,noexec 0 0

Hii inaiweka /tmp kwenye RAM, kwa hivyo kama seva yako ina RAM ndogo pima hiyo size kwanza. Folda ya /dev/shm pia ni ya kuandikwa na wote na mara nyingi huja na nosuid na nodev lakini bila noexec. Iangalie.

Kabla ya kuwasha seva upya, fundi afanye hivi, tafadhali sana:

findmnt --verify
mount -a
findmnt /var/www/duka/uploads

Kosa moja la herufi kwenye fstab linaweza kufanya seva ikatae kuwaka ikaingia hali ya dharura, na duka linakuwa limefungwa Ijumaa jioni ya mwisho wa mwezi. Amri ya kwanza hukagua faili, ya pili hujaribu kupachika, ya tatu inaonyesha masharti yanayofanya kazi sasa hivi. Jibu la tatu ndilo la kuamini. Kuandikwa kwenye fstab si sawa na kutumika.

Wenye hosti ya kushirikiana, hii sehemu si kazi yenu. Huwezi kugusa masharti ya diski ya mwenye hosti. Unachoweza ni kumtumia barua pepe na kumuuliza kama /tmp yao ina noexec na nosuid. Anayejua atajibu kwa mstari mmoja.

Mahali noexec haisaidii

Tungekuwa tunakudanganya tukiishia hapo. noexec huzuia faili kuendeshwa moja kwa moja. Haizuii faili kusomwa na programu nyingine iliyo mahali pengine na kisha maagizo yake yafuatwe. Mtu akiandika bash /tmp/kitu.sh, programu inayoendeshwa ni bash, ambayo iko kwake salama, kitu.sh kinasomwa tu kama barua.

Kwa duka la PHP hili ni la muhimu sana. Mtu akipakia picha.php kwenye folda ya picha, na seva yako imepangwa kuendesha kila .php, faili itafanya kazi hata kama folda ina noexec. Injini ya PHP ndiyo inayoendeshwa, faili inasomwa tu. Kwa hivyo lazima mambo mawili yaende pamoja na noexec: mipangilio ya Apache au Nginx ikatae kuendesha PHP ndani ya folda ya uploads, na fomu ya kupakia ikubali aina za picha pekee. Fundi akikwambia "nimeweka noexec, uko salama", muulize kuhusu PHP. Ukimya wake utakueleza.

Na kuna gharama. Baadhi ya vifurushi vya Debian na Ubuntu huendesha skripti kutoka /tmp wakati wa kusakinishwa, na vitalalamika. Fundi atalazimika kulegeza sharti kwa dakika chache, asakinishe, kisha alirudishe:

mount -o remount,exec /tmp
mount -o remount,noexec /tmp

Hatari ni kusahau huo mstari wa pili. Seva ikiwashwa upya fstab itarekebisha, lakini seva nyingine hukaa mwaka mzima bila kuzimwa.

Gharama nyingine iko kwenye umiliki. Mpangilio tunaoupenda ni msimbo wa duka kuwa wa mtumiaji mmoja, na programu ya tovuti kuendeshwa na mtumiaji mwingine anayeruhusiwa kusoma msimbo lakini kuandika kwenye uploads pekee. Hivyo hata mtu akiiteka tovuti, hawezi kubadilisha ukurasa wa malipo. Lakini pia WordPress haitaweza kujisasisha yenyewe, fundi ataingia kwa mkono. Kama una fundi wa kudumu, chagua hivi. Kama huna na hakuna atakayesasisha, bora masasisho ya kiotomatiki yaendelee. Duka la WordPress la zamani ni hatari kubwa kuliko ruhusa zilizolegea kidogo.

Simu yako hufanya haya tayari

Usifikiri haya ni mambo ya seva peke yake. Android imejengwa juu ya Linux, na kila app unayoweka hupewa mtumiaji wake wa ndani, na folda yake ambayo app nyingine haziwezi kufungua. Ndiyo sababu app ya mchezo haiwezi tu kunyoosha mkono na kusoma data ya app ya malipo. Sehemu ya mfumo hupachikwa kwa kusomwa tu, na hifadhi ya pamoja ya picha na downloads huwa na noexec.

Simu ikifanyiwa root, hizo kuta zote zinabaki kuwa ombi. Ndio maana app nyingi za pesa hukataa kufunguka kwenye simu kama hiyo. Si madharau.

Ukikuta faili ilikuwa wazi

Usianze kwa kuifuta au kubadilisha ruhusa. Anza kwa kubadilisha funguo. Faili ikiwa imeonekana, ihesabu kama imesomwa. Kuificha sasa hakuzirudishi funguo zilizotoka. Tengeneza mpya, ziweke mahali pazuri, zima za zamani, fanya lile jaribio la shilingi moja tena. Badilisha na nywila ya hifadhidata kama ilikuwa kwenye faili hiyohiyo.

Kisha hifadhi kumbukumbu za seva kabla hazijajifuta. Zinaonyesha nani aliiomba hiyo faili na lini. Kisha linganisha miamala: kila order iliyotoka na taarifa ya akaunti yako, mmoja mmoja, kurudi nyuma mpaka siku faili ilipowekwa. Ni kazi ya kuchosha, gawaneni.

Kama ndani ya faili kulikuwa na majina au namba za wateja, kuna saa inayokimbia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipojua, pale ambapo kuna hatari halisi ya madhara kwa watu hao, na kuwajulisha wenyewe pia ndani ya muda unaofaa. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Duka kuwa dogo hakukuondolei jukumu la kutoa taarifa.

Utupigie na sisi siku hiyohiyo. Tutahitaji jina la biashara, namba ya till au paybill, na saa ulipogundua. Funguo zenyewe usizitume, si za zamani wala mpya, si kwa barua pepe wala WhatsApp. Hakuna mtu upande wetu anayehitaji kuziona ili akusaidie, na anayekuomba si wetu.